Aliyeitikia Jina la Isakki

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe nane Oktoba, mwaka 2018, siku ambayo mwezi haupo kabisa angani na wafu wetu wote wanangoja chakula. Kama wakubwa wa Chennai wangekuwa na mtu mmoja tu nyumbani kwao anayewalisha wazee wake, wasingeichagua siku hiyo kuwaita watoto wa watu wagawiwe nafasi za chuo. Lakini wakubwa wana kalenda yao. Waliita jina la binti yangu ndani ya ukumbi, na binti yangu hakuwamo, wala mimi sikuwamo. Akaitika mtu mwingine.

Lazima nianze na mke wangu, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu.

Pechi alikuwa mkunja sigara, zile za majani zinazofungwa kwa uzi, kama nusu ya wanawake wa kijiji chetu hapa upande wa Tirunelveli. Asubuhi mimi napanda miti ya mivumo kugema utomvu, yeye anaketi barazani na ungo mapajani, jani mkono huu, tumbaku mkono huu, mkasi chak, chak, chak. Aliianza kazi hiyo angali mtoto. Siku ya harusi yetu vidole vyake vilikuwa vya kahawia tayari, hata hina haikuonekana. Alikunja hata asipokuwa na jani. Tuko hekaluni, tuko ndani ya basi, vidole vinazunguka vyenyewe, uzi wa hewa umebanwa kwenye meno. Nilikuwa namtania, "Pechi, leo unamkunja nani?" Naye anajibu, "Wewe. Nikimaliza nakuwasha."

Kifua kikaja. Hospitali ya wilaya walimpa vidonge vya rangi zote na hali ikawa ileile. Kisha akaletwa daktari mmoja, binti mdogo, wa zile tiba zisizotumia dawa. Wakubwa walimpa chumba nyuma ya jengo, karibu na jenereta, kama anayefichwa. Humo ndani alimpaka Pechi udongo tumboni, akamfukiza kwa mvuke, akamnywesha maji ya mung'unye, akamfundisha kuvuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa la pili. Pechi alirudi nyumbani anacheka mpaka anashika mbavu. "Baba Isakki, serikali inamlipa mtu mshahara aje anipake matope!"

Lakini akapumua. Msimu mzima wa kugema mke wangu alipumua kama watu. Isakki, binti yetu wa pekee, ndiye aliyekuwa akimsindikiza, na jioni walikaa barazani uso kwa uso, wamefumba macho, mmoja anahesabu, mwingine anavuta.

Ndipo wakubwa wakamhamisha daktari. Hawakuleta mwingine. Chumba kikatiwa kufuli, mikeka ikiwa bado ndani. Nilipouliza, nikaambiwa niandike barua. Mimi niliishia darasa la tano. Barua ilipokwisha kuandikwa, Pechi naye alikuwa amekwisha.

Siku ya kumi na sita tulimwekea tonge lake la wali na ufuta mweusi, juu ya jani la mgomba, kwenye ukuta wa nyuma. Kunguru akila, marehemu ameridhika, na sisi tunakula. Asipokula, marehemu ana neno moyoni, na walio hai watafute ni neno gani, waahidi kulitimiza.

Kunguru walikuja wengi. Walitua juu ya mlonge, wakalitazama tonge, wakatutazama sisi. Hakushuka hata mmoja. Jua likapanda, wali ukakauka, watu wakaanza kumeza mate. Shemeji yangu Velappan, kaka yake Pechi, ambaye tumbo lake halijui msiba, akaninong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Shemeji, ahidi kitu basi! Ukichelewa tutakuwa na matanga mawili."

Nikaahidi kumvika saree mpya mungu wa kike wa kijiji. Kunguru kimya. Nikaahidi kuacha pombe.

"Hilo hata kunguru haliamini," Velappan akasema, na watu wakacheka wameziba midomo.

Hasira zikanipanda. Nikasimama mbele ya ukuta nikasema kwa sauti: "Pechi! Isakki hataondoka machoni pangu. Nitakaa naye hapahapa. Hataenda mbali." Wakati huohuo niliona midomo ya Isakki, aliyesimama ubavuni mwangu, inacheza bila sauti. Tulimaliza pamoja. Kunguru mmoja, mwenye mdomo uliopinda kama ndoano, akashuka akala tonge lote mpaka ufuta wa mwisho.

"Amekubali," akasema Velappan. "Tule."

Jioni nilimwuliza Isakki alikuwa akisema nini pale ukutani.

"Nilimwahidi Mama nitakuwa daktari wa kile chumba. Nitakifungua."

"Kunguru alishuka kwa neno langu."

"Au kwa langu, Baba."

Hatukuwahi kumaliza ubishi huo. Shahada ya tiba asilia na yoga ni miaka mitano na nusu, na chuo tunachoweza kukilipia sisi kiko Chennai, mwisho wa reli. Alipomaliza shule na alama nzuri nilimwambia hapana, mama yako alikubali ubaki. Hakubishana. Alitandika mkeka barazani, pale alipokuwa akikaa na mama yake, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa uani nachemsha utomvu wa sukari guru. Adhuhuri, jua kali, hakuna upepo. Nikasikia pumzi ya Isakki inaingia, inatoka, laini. Baada yake nikasikia pumzi nyingine inaingia. Hiyo ilikwaruza, ikakwama njiani, ikatoka na mluzi mdogo mwishoni. Naujua mluzi huo. Nililala kando yake kwa miaka.

Nilichungulia. Isakki alikuwa peke yake, lakini mkeka ulikuwa umebonyea mbele yake, kama umekaliwa.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia kila siku, Baba," akasema bila kufumbua macho. "Usipige kelele, nahesabu."

Nikajiambia basi, mama mtu yuko upande wa mtoto. Nikakubali.

Hapo ndipo zilipoanza karatasi. Fomu ya maombi, cheti cha shule, cheti cha kabila, cheti cha kuthibitisha kwamba umezaliwa katika jimbo hili, kana kwamba mtoto mwenye sura ile angezaliwa London. Kila nakala igongwe muhuri na mtu mwenye cheo, na mwenye cheo yuko kwenye chai. Ofisa wa kijiji alisoma fomu akacheka. "Yoga? Si kule kusimama kwa kichwa? Miaka mitano na nusu ya kusimama kwa kichwa?"

"Minne na nusu, bwana," Isakki akamjibu. "Mwaka wa mwisho tunawasimamisha wagonjwa. Karibu."

Muhuri ukagongwa.

Lakini tangu karatasi ya kwanza iingie nyumbani, ile pumzi barazani ilikoma. Isakki alikaa mkekani akahesabu, hakuna aliyevuta naye. Badala yake ukaanza mkasi. Chak, chak, chak, mchana kweupe, mimi niko juu ya mvumo natazama chini kwenye baraza tupu. Mkasi wenyewe tulikuwa tumeuchoma pamoja na mwili wake. Siku tuliyopeleka bahasha posta ulilia tangu asubuhi, haraka haraka, kama mtu aliyeambiwa tajiri wa sigara anakuja kuchukua mzigo jioni.

"Amefurahi," nikamwambia Velappan. "Anafanya kazi."

Velappan safari hiyo hakutania. "Shemeji, dada yangu alikuwa anakata majani kwa kasi hiyo akiwa na furaha? Kumbuka vizuri."

Nilikumbuka. Alikuwa akikata hivyo akiwa amekasirika.

Tuliitwa Chennai. Utaratibu wao ni kwamba watoto wanakaa ukumbini kwa mpangilio wa alama, jina likiitwa mtoto anakwenda mezani pamoja na mzazi mmoja, wanaulizwa kama wanaitaka nafasi, wanatia saini. Asipoitika, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Tulifika asubuhi hatujala kitu, maana siku ile hakuna anayekula kabla ya wafu. Wali nilikuwa nimeupika kwenye nyumba ya wageni. Nikamwekea Pechi tonge juu ya ukuta nyuma ya ukumbi, panapoegeshwa pikipiki. Wazazi wengine nao walikuwa wameweka yao. Kunguru wa Chennai ni wanene kama madiwani. Walikula kwa huyu, wakala kwa yule. Kwetu hawakugusa.

"Nenda ukakae ndani," nikamwambia Isakki. "Nakuja akishakula."

Akaenda. Mimi nikasimama na jua langu. Baada ya muda akarudi mbio, nywele zimemfumka.

"Baba, wamebaki wachache kabla yangu. Twende."

"Hajala."

"Atakula tukiwa ndani! Wanataka mzazi mezani, Baba, nakuomba."

"Safari ya kwanza alikula kwa sababu tulimwahidi. Leo anadai nini? Lazima nijue kwanza."

"Anadai twende ndani!"

"Wewe umejuaje?"

Tulikuwa tumesimama hivyo, baba na mtoto, tunagombana mbele ya tonge la wali, jina lilipoitwa.

Tulipoingia, msichana mwingine alikuwa anatia saini. Isakki akauliza, "Bwana, mmefika kwenye jina langu?" Akalitaja. Ofisa aliyekaa mezani, mtu mzima mwenye mistari mitatu ya majivu kwenye paji la uso, akapekua karatasi zake.

"Wewe umekwisha kuitwa. Mmekataa."

"Nani amekataa?"

"Mama yako. Nimeita, ameitika, amekuja mezani akasema mtoto hataenda mbali, mpeni mwingine. Nikamwuliza mara mbili, mama una hakika? Akasema ana hakika. Mzee, kama nyumbani hamjapatana, mpatane kabla ya kuja kutupotezea wakati."

"Mama yake amekufa," nikasema.

Akanitazama kama wakubwa wanavyotutazama sisi. "Basi ni shangazi, ni nani, mimi nijuaje? Amevaa saree ya kijani. Anakohoa sana. Mpelekeni hospitali yule."

Tulimchoma na saree ya kijani.

Sikunyamaza. Nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Nikawaambia wameuza nafasi, kwamba walimhamishia daktari wetu kwingine, wakatufungia chumba, na sasa wamefika mahali pa kuwasingizia marehemu. Askari akaja akanishika kiwiko. Nilimwona yule msichana aliyepata nafasi amesimama na mama yake, wametokea mji wa Salem, nikamgeukia huyo mama.

"Na wewe, dada, ulimsikia mtu akiitika? Au ulikuwa unahesabu bahati yako?"

Alianza kulia. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, na mtu hafanyi hivyo kwa mzaha. "Kaka, naapa kwa huyu. Alikaa kando yangu tangu binti yako alipotoka. Nilidhani ni wa kwenu. Nilimsemesha, hakujibu, alikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Sijui. Nilidhani ni ugonjwa wa vidole." Akainua mikono yake miwili, akaikutanisha, akavizungusha vidole gumba na vya shahada polepole, kwa usahihi kabisa, akikunja kitu ambacho kwao Salem hakuna anayekikunja. Halafu akainamisha kichwa akauma hewa kwenye kona ya mdomo, kama anayekata uzi. "Hivi. Muda wote hivi, na hana kitu mkononi."

Isakki akakaa chini sakafuni.

Nilipotoka nje, jani la mgomba lilikuwa safi, limelambwa. Kwenye kiti cha pikipiki alikuwa ametua kunguru anafuta mdomo wake, huku na huku. Mdomo ulikuwa umepinda kama ndoano. Kutoka kwetu mpaka pale ni safari ya treni ya usiku kucha.

Nyumbani Isakki hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Alikunja mkeka akausimamisha kwenye kona. Akachukua ungo wa mama yake, akaenda kwa wakala wa sigara akarudi na majani na tumbaku, akaketi barazani akaanza kujifunza. Mkasi aliopewa ulikuwa mpya lakini ulilia vilevile. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu karatasi zianze, nilisikia tena ile pumzi karibu naye. Imetulia. Haina mluzi hata kidogo.

Na mtoto wangu akaanza kukohoa.

Kikohozi kidogo tu, cha vumbi. Nilishuka kwenye mvumo nikiwa sijamaliza kugema, nikampokonya ungo nikaumwaga uani.

"Pechi!" nikapiga kelele katikati ya mchana, majirani wakatoka. "Hivi ndivyo unavyotaka? Akae hapa afe kama wewe?"

Velappan alinikuta bado nimesimama. "Ulimwahidi mwenyewe, shemeji. Mbele yetu sote. Neno la siku ya kumi na sita halirudishwi kama sahani ya jirani."

"Basi nalirudisha."

Nikaweka tonge ukutani. Nikasema: Pechi, neno langu nimelichukua, mwache aende. Kunguru wa mdomo wa ndoano akaja, akatua karibu kabisa na wali, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Hakula. Kesho yake nikaweka tena. Akaja tena, akatazama tena. Ikawa ndiyo desturi yetu.

Baadaye simu ikalia kutoka Chennai. Watoto kadhaa waliokubali nafasi wamekwenda kwingine, nafasi zimebaki, Isakki aje tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyepokea. Alinitazama, ameshika simu kifuani. Nikamwambia, "Twende. Safari hii nitakaa ubavuni mwako hata ukumbi uungue."

Wali nilimwachia Velappan. "Usile mpaka ale."

"Shemeji, umeamua kuniua."

"Mpigie dada yako magoti. Mbembeleze. Wewe alikuwa anakusikiliza."

Alilipokea jani la mgomba kwa mikono miwili.

Ukumbi ulikuwa uleule. Ofisa mwenye majivu hakuwepo, wamemhamisha, wao kazi yao ni kuhamishana. Mahali pake alikuwepo kijana mpole, miwani ameipandisha kwenye paji, ambaye hakujua lolote kuhusu sisi. Nilimshika Isakki mkono kama ninavyoshika shina la mvumo. Upande wa pili wake kiti kilikuwa kitupu, nami sikukitazama zaidi ya mara moja.

Simu ikatetemeka mfukoni. Velappan. "Hajala," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Alikaa ukutani tangu asubuhi anatazama upande wa stesheni. Sasa hivi ameruka. Ameelekea huko kwenu."

"Isakki, binti Sudalaimuthu!"

"Tupo!" tuliitika sote wawili kwa pamoja, kama siku ile mbele ya ukuta, ila safari hii tulisema neno moja.

Tukaenda mezani tukaketi. Palikuwa na viti viwili. Yule kijana alipitia vyeti vyote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Alama nzuri. Unaitaka nafasi?"

"Naitaka, bwana."

"Baba, umekubali aje huku?"

"Nimekubali. Kwa moyo wangu wote."

Akachukua kalamu. Kisha akainua macho, akatazama juu ya bega la Isakki, akamwita tarishi. "Lete kiti kingine. Mtamwacha mtu mzima asimame mpaka lini?"

Tarishi akaleta kiti cha plastiki, akakiweka kushoto kwa binti yangu, akakifuta kwa kitambaa. Isakki alinikamata vidole mpaka vikauma. Hakugeuka. Mimi pia sikugeuka. Harufu ya tumbaku mbichi ilinijia puani, na pumzi ikavutwa karibu nasi, taratibu, ikakwama.

"Haya," akasema yule kijana, kalamu iko juu ya karatasi. "Mtoto anataka, baba amekubali. Na wewe, mama, unasemaje?"